Mtenda husahau, mtendewa hasahau: Siri ya mvuto wa tamthilia ya ‘Dokkaebi’

TAMTHILIA za runinga kutoka Korea Kusini zina mashabiki chungu nzima humu nchini. Wanafunzi wangu wa fasihi huzitazama kwenye simu hadi usiku wa manane, kisha hufika darasani wakipiga miayo na kusalimiana kwa Kikorea. Wasomi wenzangu wengi huzipuuza. Eti ni porojo za mapenzi: kijana mtanashati, msichana maskini, mvua, machozi na busu moja linalosubiriwa sehemu kumi nzima. Tuhuma hizo si za uongo mtupu. Hata hivyo, tuhuma ya jumla haiwezi kueleza kwa nini kazi fulani hukumbukwa miaka mingi ilhali nyingine mia husahaulika pindi zinapokwisha. Leo ninataka kuijadili moja kati ya zile zinazokumbukwa.

Tamthilia yenyewe ni ‘Dokkaebi’, ambayo ulimwenguni inajulikana zaidi kama ‘Goblin’ au ‘Guardian: The Lonely and Great God’. Iliandikwa na Kim Eun-sook na kuongozwa na Lee Eung-bok. Kituo cha tvN kiliionyesha usiku wa Ijumaa na Jumamosi kuanzia tarehe 2 Desemba 2016 hadi tarehe 21 Januari 2017. Ina sehemu 16. Sehemu ya mwisho ilivuka asilimia 20 ya watazamaji, kiwango ambacho hakuna tamthilia ya runinga ya kebo nchini humo iliyokuwa imewahi kukifikia. Katika tuzo za Baeksang za mwaka 2017, Kim Eun-sook alitwaa tuzo kuu ya runinga, naye mhusika mkuu, Gong Yoo, akatajwa kuwa mwigizaji bora wa kiume.

Dai langu ni hili: mvuto wa ‘Dokkaebi’ hautokani na miujiza yake wala sura za waigizaji wake. Unatokana na jambo ambalo sisi Waswahili tumelisema kwa maneno manne tu: mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kim Eun-sook ameichukua kweli hiyo, akaipa miili miwili na kuiweka chini ya paa moja.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajaitazama, kisa ni hiki. Kim Shin ni jemadari wa enzi ya Goryeo. Anashinda vita baada ya vita, na sifa zake zinamtia hofu na wivu mfalme kijana, Wang Yeo. Towashi mmoja, Park Joong-heon, anazidi kuumwagia moyo wa mfalme sumu ya fitina. Mwishowe jemadari anauawa pamoja na jamaa zake. Miongoni mwa wanaokufa ni dada yake, ambaye ni malkia wa mfalme huyo huyo. Kisha Kim Shin anafufuka akiwa dokkaebi, kiumbe asiyekufa, na upanga uliomuua ungali kifuani. Ni mtu mmoja tu anayeweza kuuona na kuuchomoa: bi harusi wake. Siku atakapouchomoa, jemadari atapumzika, yaani atakufa.

Miaka zaidi ya 900 baadaye, anatokea Ji Eun-tak, yatima wa shule ya upili ambaye anaona mizuka na anasumbuliwa na mama mdogo mwenye tamaa ya pesa. Kila anapozima mshumaa kwa pumzi, dokkaebi hujikuta amesimama mbele yake, atake asitake. Ndiye bi harusi aliyesubiriwa. Basi hapo ndipo penye fundo la hadithi: mwanamume aliyeomba kufa kwa karne tisa anampata mwenye uwezo wa kumuua, na siku hiyo hiyo anaanza kutamani kuishi.

Kabla sijaendelea, hebu tulitazame jina. Dokkaebi wa ngano za Kikorea si mzuka wa maiti. Wazee wa Korea husimulia kwamba hutokana na vitu vikuukuu vilivyotupwa, kama vile ufagio au mchi, hasa vikiwa vimeguswa na damu ya binadamu. Hupenda mieleka na utani. Ana rungu la kuleta vitu kimiujiza na kofia ya kumfanya asionekane. Kim Eun-sook alimgeuza kiumbe huyo wa vichekesho kuwa jemadari mwenye majonzi, lakini aliuacha utani wake, na ndiyo sababu tunacheka hata pale tunapotarajiwa kulia.

Je, kwa Kiswahili tumwiteje? ‘Zimwi’ halifai, maana zimwi letu hula watu. ‘Mzimu’ haufai, maana huo ni wa marehemu wa ukoo. ‘Jini’ anakaribia, kwa kuwa majini wa hadithi za pwani humiliki mali, hupenda binadamu na huweza kuishi miaka na mikaka. Hata hivyo, jini ameumbwa jini, naye dokkaebi huyu alikuwa mtu. Kwa maoni yangu, ni heri tulikope neno lenyewe kama tulivyokopa mengine mengi, kuliko kumvisha mgeni kanzu isiyomtosha.

Jina kamili la tamthilia katika Kikorea lina mchezo wa maneno ambao tafsiri ya Kiingereza imeshindwa kuubeba. Maana yake ni ‘mpweke na mwenye kung’aa’. Neno la mwisho linaishia kwa silabi ‘sin’, ambayo katika sarufi ya kawaida ni kiambishi cha heshima tu. Lakini katika jina hili silabi hiyo imeandikwa kwa herufi ya Kichina yenye maana ya ‘mungu’. Kiambishi kidogo cha adabu kimegeuka kuwa mungu mpweke. Sisi tunaofundisha mofolojia tunajua jinsi kiambishi kinavyoweza kubeba ulimwengu mzima, nami sikuweza kujizuia kutabasamu.

Kuna pia neno ‘ajeossi’, ambalo Eun-tak humwitia Kim Shin hata penzi linapokolea. Tafsiri ya Kiingereza iandikwayo chini ya picha hulifanya kuwa ‘bwana’ wa baridi, kana kwamba msichana anaongea na karani wa benki. Ajeossi ni neno lenye asili ya ukoo, linalotumiwa kumwita mwanamume wa makamo hata kama si jamaa yako. Sisi tuna desturi hiyo hiyo. Muuza mboga ni ‘mama’, kondakta ni ‘kaka’, mpita njia mwenye mvi ni ‘mzee wangu’ au ‘ami’. Mfasiri wa Kiswahili angepoteza machache hapa kuliko mfasiri wa Kiingereza. Ninalisema hili nikijua kwamba vijana wetu wengi huzifikia tamthilia hizi kupitia Kiingereza pekee.

Sasa turudi kwenye ile nyumba. Dokkaebi anaishi na mpangaji asiyemtaka. Huyu ni ‘jeoseung saja’. ‘Jeoseung’ ni ulimwengu wa pili, na ‘saja’ ni mjumbe. Kiingereza humwita mvunaji, kwa kuwa mauti ya Kizungu huchorwa kama mifupa iliyoshika mundu. Kiswahili kingemwita mjumbe wa ahera, na picha ingekuwa sahihi kabisa, maana huyu ni mtumishi wa ofisi. Ana kofia nyeusi, faili na kadi zenye majina ya watakaokufa. Huwapokea marehemu katika chumba cha chai na kuwanywesha chai inayofuta kumbukumbu za maisha waliyoyaacha.

Wawili hawa hugombana kama watoto. Mmoja anakula nyama, mwingine majani matupu, na siku moja visu na uma vinaruka mezani kwa nguvu za kimiujiza. Watazamaji wengi huupenda urafiki wao kuliko hata mapenzi yenyewe. Lakini chini ya vichekesho hivyo pana jambo zito. Adhabu ya dokkaebi ni kutosahau. Amehukumiwa kuishi milele, kuwazika wote anaowapenda na kukumbuka kila kifo. Adhabu ya mjumbe wa ahera ni kutokumbuka. Hajui alikuwa nani wala alitenda nini. Hata jina hana. Mwanamke anayempenda, Sunny, mwenye duka la kuku wa kukaanga, anapomuuliza jina, inambidi aazime la mtu mashuhuri.

Polepole mtazamaji anaunganisha nyuzi. Mjumbe huyu ndiye Wang Yeo, mfalme aliyeamuru mauaji na baadaye akajitoa uhai. Sunny ndiye malkia aliyerudi kuishi tena. Kwa hiyo muuaji na aliyeuawa wamekuwa wakipikiana, wakiazimana nguo na kupeana ushauri wa mapenzi bila kujuana. Mtenda amesahau. Mtendewa hajasahau, ila hajui kwamba anayemkumbuka kwa uchungu ndiye anayemwoshea vyombo.

Hapa ndipo ninapoona ustadi wa kweli wa mwandishi huyu. Mjumbe anapokutana na Sunny kwa mara ya kwanza barabarani, machozi yanamtoka bila yeye kujua sababu. Anapoonyeshwa picha ya kale ya malkia, analia tena. Akili imefutwa lakini mwili haujakubali. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusikia wimbo au harufu fulani na kuhuzunika ghafla, kisha kukosa cha kumjibu anayeuliza ‘una nini’? Fantasia hapa haitutoi katika maisha yetu. Inaturudisha humo humo.

Mwandishi J. R. R. Tolkien, katika mhadhara wake kuhusu hadithi za ajabu alioutoa mwaka 1939, alisisitiza kwamba ulimwengu wa kubuni huaminika iwapo una kanuni zake na unazifuata. Mwandishi mbovu wa fantasia hutumia muujiza kujiokoa anapokwama. ‘Dokkaebi’, kwa sehemu kubwa, inafanya kinyume. Kila muujiza una bei. Dokkaebi akihuzunika, mvua inanyesha na mji mzima unalowa. Usiku mmoja wa theluji aliwahi kumwokoa mama mjamzito aliyegongwa na gari. Mtoto aliyezaliwa ndiye Eun-tak, lakini kwa kuwa alizaliwa kinyume cha orodha ya mauti, kifo kinamwandama utotoni hadi ukubwani. Hakuna huruma ya bure. Aidha, dhana zisizoshikika zimepewa umbo la kushikika: majuto ni upanga, dua ni mshumaa, usahaulifu ni kikombe cha chai. Mtazamaji haelezwi maana ya majuto. Anaonyeshwa mtu ambaye upanga unamuuma mwaka nenda mwaka rudi.

Tamthilia hii pia inajali watu wadogo. Mungu wa kike wa uzazi katika imani za Wakorea, Samsin, anatokea mara akiwa nyanya muuza mboga, mara akiwa mwanamke kijana mwenye nguo nyekundu. Siku ya mahafali wazazi wa wenzake wamejaa darasani na Eun-tak hana mtu. Samsin anaingia, anamkumbatia na kumpa maua. Kisha anamgeukia mwalimu wa darasa, ambaye kwa miaka mingi amemdharau yatima huyu, na kumuuliza kwa upole kama hangeweza kuwa mwalimu bora kuliko alivyokuwa. Mwalimu analia. Ninawasihi walimu wenzangu wanaozicheka tamthilia hizi watazame walau onyesho hilo moja.

Je, kwa nini hadithi kuhusu kukumbuka na kusahau iliwashika Wakorea kiasi hicho msimu ule? Sidai kwamba Kim Eun-sook alikusudia kuandika fumbo la kisiasa. Lakini hadithi humfikia mtu mahali alipo. Tarehe 16 Aprili 2014 feri ya Sewol ilizama na watu 304 wakafa, wengi wao wanafunzi wa shule ya upili ya Danwon waliokuwa ziarani. Utepe wa manjano ukawa ishara ya kuapa kutowasahau. Mwishoni mwa mwaka 2016, umati wa watu wenye mishumaa ulijaa barabara za Seoul ukimtaka Rais Park Geun-hye aondoke, kwa sababu ya kashfa ya rafiki yake asiye na cheo aliyekuwa akiingilia mambo ya serikali. Bunge lilipiga kura ya kumng’oa tarehe 9 Desemba, wiki moja tu baada ya sehemu ya kwanza ya tamthilia hii kuonyeshwa. Mtu aliyetoka barabarani na mshumaa mkononi, akafika nyumbani na kumwona mtawala anayenong’onezewa na mtu wa pembeni, hakuhitaji mhakiki wa kumfafanulia.

Nasi Wakenya tuna yetu. Tuna methali inayosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali ya busara, lakini inafaa tuulize ni nani hupenda kuitumia. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 tuliunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, nayo ikawasilisha ripoti yake mwaka 2013. Tangu hapo tumeambiwa mara ngapi tusahau na tusonge mbele? Aghalabu anayesema hivyo si yule aliyechomewa nyumba. Tamthilia ya ‘Dokkaebi’ haimruhusu mtenda kuliamua suala hilo. Kim Shin anapogundua kwamba mpangaji wake ndiye mfalme, hamwambii yaliyopita si ndwele. Anamkaba koo, kisha anaondoka nyumbani. Naye Sunny, kumbukumbu zinapomrudia, anamwacha mwanamume anayempenda kwa dhati, maana ndiyo adhabu pekee aliyo nayo mkononi. Maridhiano yanakuja baadaye sana, na yanakuja baada ya mtenda kukumbuka alichotenda na kukibeba mwenyewe. Mpangilio huo una funzo.

Nisieleweke kwamba kazi hii haina dosari. Uhusiano wa mwanafunzi wa miaka 19 na mwanamume mwenye umbo la mtu wa makamo unakera, na kusema kwamba ana miaka 939 hakupunguzi kitu. Wahusika hunywa, hula na kukalia bidhaa za wafadhili kwa namna inayomfanya mtazamaji ahisi yuko sokoni. Utajiri wa dokkaebi nao hutatua mambo ambayo msichana maskini wa kweli angeyatatua kwa miaka ya jasho. Hata kanuni nilizozisifu zinalegea kidogo katika sehemu za mwisho, mtu anayepaswa kutoweka kabisa anaporejea. Mhakiki mwaminifu hana budi kuyataja haya.

Hata hivyo, mwisho wenyewe unalipa deni. Eun-tak, sasa mwanamke wa miaka 29 na mke wa Kim Shin, analiona lori likiporomoka kuelekea gari lililobeba watoto wa chekechea. Anaweka gari lake katikati. Watoto wanapona, yeye anakufa. Muda mfupi baadaye yuko katika chumba cha chai, mbele ya mjumbe ambaye ni rafiki yake. Kikombe kiko mezani. Katika tamthilia hii, chai ile inaelezwa kuwa hisani ya Mungu: kusahau ni kupumzishwa. Marehemu wengine wameinywa kwa shukrani, na hakuna anayewalaumu. Eun-tak anaikataa. Anachagua kubeba kumbukumbu zake zote ili atakaporudi duniani amtambue mumewe.

Na anamtambua. Miaka mingi baadaye, msichana wa shule aliyeko ziarani mjini Québec anamwendea mwanamume aliyeketi peke yake kwenye kilima, na anajua ni nani. Hadi leo mashabiki husafiri hadi mji huo kupiga picha kwenye mlango mwekundu uliotumiwa katika tamthilia, na hadi ufuo wa Jumunjin, Gangneung, ambako Eun-tak alimwita dokkaebi kwa mara ya kwanza. Sidhani wanafuata mlango au mawe ya ufuoni.

Tunapofiwa, majirani hutuambia muda utaponya na tutasahau. Husema hivyo kwa wema. Lakini mfiwa mara nyingi haogopi maumivu; anaogopa siku ambayo atashindwa kuikumbuka sauti ya marehemu. ‘Dokkaebi’ inamwambia mtu huyo kwamba hofu yake si udhaifu, na kwamba kukumbuka, pamoja na uzito wake wote, ni namna ya kuendelea kupenda. Wanafunzi wangu wanaopiga miayo darasani wamekesha wakilisikiliza jambo hilo kwa lugha ya kigeni. Ingefaa siku moja walisikilize kwa Kiswahili.